Simu ya Usiku na Jua la Saa Nne: Safari Yangu ya Kwanza Brussels

Katika mji wa Brussels, mwezi wa Juni, Magharibi huingia saa nne za usiku. Nilikuwa nimeambiwa kabla sijaondoka, nikaitikia kwa adabu tu, maana sisi tuliozaliwa Unguja jua letu halina mambo mengi. Mwaka mzima huzama baina ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, na mtu hahitaji saa kujua kwamba wakati wa kufungia kuku umefika. Jioni ya kwanza nilikaa kwenye roshani ya nyumba ya mdogo wangu, upande wa Ixelles, tasbihi mkononi, nikilingoja jua. Saa mbili, lipo. Saa tatu, watoto wa jirani bado wanacheza mpira uani. Saa tatu na nusu, ndege wanaimba kana kwamba ni alasiri. Nilicheka peke yangu kwa furaha, nikamwita mdogo wangu aje ashuhudie. Yeye ana miaka mingi huko, anafanya kazi ya uuguzi. Akaniambia nisubiri mpaka Disemba, siku ambazo jua linazama kabla ya saa kumi na moja na watu wanatoka kazini gizani.

Mchana wa siku hiyo ulikuwa umejaa mambo. Treni ya kuingia mjini inaanzia chini ya uwanja wa ndege wenyewe, pale Zaventem: unashuka ngazi na mizigo yako na umo ndani. Mitaa ina majina mawili, la Kifaransa na la Kiholanzi, kwa kuwa mji ni wa lugha mbili kisheria, na mgeni anayesoma kibao hudhani amefika njia panda. Mbwa wanapanda tramu pamoja na wenyewe, wamekaa kwa adabu chini ya viti, na hakuna aliyeshtuka ila mimi niliyekusanya buibui langu mpaka magotini. Chipsi za vibandani zinanukia vizuri mno, lakini mdogo wangu alinionya niulize kwanza, kwani desturi yao ni kuzikaanga mara mbili, na mafuta ya asili ni ya ng'ombe, ambaye hatujui kachinjwa vipi. Tukaenda kula kwa Mmorocco.

Na Matonge, je? Ni mtaa mdogo karibu na Porte de Namur, uliochukua jina la mtaa wa Kinshasa. Pale kuna saluni za kusuka, samaki wakavu, majani ya mihogo, ndizi za kupika, vitenge mpaka darini. Kwa saa chache tu nilikuwa nimeshazowea Kifaransa nisichokielewa, mara nyuma yangu nikasikia wanawake wawili wanagombania bei ya pilipili kwa Kiswahili cha Bukavu. Niligeuka nikawaamkia. Walinishika mikono yote miwili. Hatua chache kutoka hapo kuna uwanja ambao mji wa Brussels uliupa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018, na mmoja wao alinipeleka mwenyewe mpaka kwenye kibao nikisome.

Usiku huohuo, baada ya Isha iliyotukuta karibu na saa sita, simu ya mdogo wangu ililia. Ilikuwa mwenzake wa kazini, anataka kubadilishana zamu. Mimi nilikuwa nimeshasimama katikati ya chumba, viganja baridi, koo limekaza, tumbo linasokota. Mdogo wangu alikata simu akanitazama.

"Dada," akasema, "hali hii bado unayo?"

Bado ninayo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyotoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Ilikuwa siku chache tu baada ya Sikukuu ya Ramadhani. Miili iliyopatikana ilizidi 200, na tume iliyoundwa baadaye ilitaja zaidi ya watu 1,500 kuwa walikufa au hawakuonekana tena. Ndugu yetu wa kiume, aliyenifuata mimi kwa kuzaliwa, alikuwa ndani, na hakuonekana. Habari niliipata kwa simu. Jamaa yetu wa Nungwi alipiga saa nane na kitu za usiku. Aliniuliza kwanza kama nilikuwa nimelala. Kisha kama mume wangu yupo. Kisha kama nimekaa kitako. Akazunguka hivyo kwa muda ambao mimi niliuona hauna mwisho, mpaka akalitaja jina la meli.

Tangu siku hiyo, simu ikilia baada ya Isha mwili wangu hunitangulia. Nilibadilisha mlio, hofu ikahamia kwenye mlio mpya. Nikaizima sauti, hofu ikahamia kwenye mtetemo. Watoto wangu wamejifunza kutonigusa dakika zile, kwa sababu maneno yanayonitoka si ya mama yao wanayemjua. Nyumbani nilisomewa, nikanywa kombe, na sitasema hata neno moja baya juu ya kisomo: kilinipa usingizi na kilinipa subira. Lakini mlio ulibaki na nguvu zake. Kwenda Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, hata hakukunijia kichwani. Kwetu jina lile linatajwa kama tishio.

Asubuhi, juu ya chai ya maziwa iliyokosa tangawizi, mdogo wangu alinieleza jambo nililoliona kioja. Katika mji huuhuu, kwenye hospitali ya chuo kikuu ya Saint-Luc, wapo wagonjwa wanaopasuliwa tezi ya shingo au uvimbe wa saratani ya titi bila kulazwa usingizi kabisa kwa dawa. Hutiwa ganzi pale panapokatwa, hupewa dawa kidogo sana ya kutuliza, na daktari wa dawa za usingizi hukaa kichwani pao akizungumza nao kwa sauti ya chini mpaka kazi iishe. Madaktari wawili wanawake wa hospitali hiyo, Fabienne Roelants na Christine Watremez, ndio waliojulikana kwa kazi hiyo. Nao walikuwa na wa kuwatangulia katika mji wa Liège, mwendo wa saa moja hivi kwa treni, ambako Marie-Elisabeth Faymonville alianza mwaka 1992, na tangu hapo wagonjwa wamehesabika kwa maelfu. Njia hiyo inaitwa hipnosisi. Wanasaikolojia wengine huitumia bila kisu chochote, kwa ajili ya hofu.

"Ni uganga?" nikamuuliza.

"Si uganga, Dada. Twende ukasikilize. Usipopenda, tunaondoka."

Sikulala vizuri usiku huo, na hapo simu haikulia. Picha niliyokuwa nayo ya hipnosisi ilitoka kwenye sinema: mtu mwenye ndevu, saa ya mnyororo ikiyumba, na masikini mmoja anayefanya kila anachoamriwa. Nyuma ya picha hiyo ilikuwepo nyingine, ya kwetu. Nilipokuwa mtoto niliwahi kuchungulia ngoma ya kibuki. Nilimwona mama mtu mzima, jirani yetu mwenye heshima zake, amepandwa, anazungumza kwa sauti isiyokuwa yake, na asubuhi yake hakumbuki lolote. Sikutaka kupandwa na kitu chochote katika nchi ya watu.

Tulipanda tramu nambari 81 mpaka Flagey, pale penye mabwawa na mabata. Chumba kilikuwa ghorofa ya pili, kina viti viwili, dirisha linalotazama miti, na sanduku la karatasi za kufutia machozi, ambalo nililiona mwanzo kabisa na likaniudhi. Mtaalamu ni mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, anayeniita Madame. Tulizungumza Kiingereza, na mdogo wangu alikaa nasi kwa siku hiyo ya kwanza.

Kitu alichofanya kwanza ni kunionyesha karatasi zake. Mimi sikuuliza, mdogo wangu ndiye aliyeuliza, na bibi yule akafurahi kuulizwa. Alieleza kwamba nchini Ubelgiji mtu yeyote anaweza kuweka kibao mlangoni na kujiita mtaalamu wa hipnosisi, kwa sababu jina hilo halilindwi. Lakini kutibu maradhi ya nafsi ni jambo jingine: sheria ya mwaka 2016 imeiweka tiba hiyo mikononi mwa madaktari, wanasaikolojia wa tiba, na wataalamu wa malezi ya tiba. Yeye ni mwanasaikolojia wa tiba aliyeandikishwa, na hipnosisi ni chombo kimoja tu katika vyombo vyake. Akaniuliza maswali mengi: kama nina kifafa, kama nimewahi kusikia sauti zisizokuwepo, dawa ninazotumia, usingizi wangu, swala zangu. Akaniambia waziwazi kwamba kwa mtu aliyepatwa na tukio la kutisha, tiba za mazungumzo zinazolikabili tukio lenyewe zina ushahidi mwingi zaidi kuliko hipnosisi, na kwamba hipnosisi imethibitika vizuri hasa kwenye maumivu na wasiwasi wa hospitalini. Angeitumia kama msaada ndani ya mazungumzo yetu. Ukweli huo ulinipa imani naye kuliko ahadi yoyote.

Nilimwambia hofu yangu kubwa, ambayo hata mdogo wangu hakuwa akiijua. Nikasema: ukiniondoshea hali hii, nitamsahau ndugu yangu? Kwa sababu hakuna kaburi. Kitu pekee kilichobaki kwake mwilini mwangu ni huku kushtuka.

Hakujibu haraka. Kisha akasema kwamba huzuni ni yangu na yeye hataigusa. Tutashughulika na hofu tu, na mara nyingi hofu ikipungua huzuni hupata nafasi ya kukaa.

Baadaye alinisimulia historia, na mimi nilifurahi sana kujua kwamba Wabelgiji nao walikuwa na ngoma zao. Katika miaka ya 1880 alikuwepo Mbelgiji aliyejiita Donato, aliyezunguka Ulaya akiwalaza watu jukwaani mbele ya umati uliolipa kiingilio. Serikali ikaingiwa na wasiwasi, na tarehe 30 Mei 1892 ikatoka sheria iliyokataza kumweka hadharani mtu aliyeingizwa katika hipnosisi, na kukataza wasiokuwa madaktari wasimfanyie mwenye umri chini ya miaka 21 wala mgonjwa wa akili pasipo idhini. Aliyesimama kuwatetea wasiokuwa madaktari ni profesa wa Liège, Joseph Delboeuf, mtu wa falsafa na hesabu. Yeye huyu ndiye aliyeonyesha, mwaka 1886, kwamba mtu akiamshwa katikati ya jambo analoambiwa kulifanya, hukumbuka kila kitu. Kusahau, kwa hiyo, hakukuwa sehemu ya lazima ya hipnosisi.

Siku iliyofuata ya miadi nilikwenda peke yangu. Nilikaa kitini, nikaambiwa nitazame nukta moja ukutani, nisikilize pumzi, macho yakitaka kufumba nifumbe. Hakukuwa na saa ya mnyororo. Akazungumza polepole, na mwisho wa kila sentensi sauti yake ilishuka kidogo. Akaniambia nisihangaike kutafsiri, yanayonijia yaje kwa lugha yanayokuja nayo. Kisha, kwa nia njema kabisa, akaniambia nijione niko pwani, mchanga mweupe, mawimbi yanakuja na kurudi.

Nilifumbua macho hapo hapo. Moyo ulikuwa unanienda mbio.

Kwa mtu wa Brussels, pwani ni likizo. Anapanda treni Jumamosi kwenda Ostend, anakula kamba, anarudi na rangi usoni. Kwetu bahari ni barabara, ni shamba, na ni makaburi. Nilimweleza, na niliona namna alivyoweka kalamu chini. Akasema, "Basi nichagulie wewe mahali." Nikachagua ua wa bibi yangu huko Pemba, msimu wa karafuu, majamvi yametandikwa mpaka mlangoni, watoto wanagombezwa wasikanyage, na ile harufu inayoingia mpaka kwenye wali. Hatukutumia tena mahali pengine popote.

Hali yenyewe nitaieleza kwa jinsi nilivyoihisi. Mwanamke anayesuka ukili barazani kwa muda mrefu hufika mahali vidole vinakwenda vyenyewe, masikio yanawasikia wapita njia, na yeye amezama kwenye fikra moja asiyoitafuta. Ndivyo nilivyokuwa. Nilisikia tramu ikipiga kengele chini, nilisikia mtu anaburuta kiti chumba cha juu, na kama pangetokea moto ningetoka mbio. Wakati huohuo karafuu zilikuwepo. Nilizinusa. Mwaka 1999 watafiti wa Liège, Faymonville akiwa mmoja wao, walichapisha picha za ubongo zilizoonyesha kwamba mtu anayeishi tena kumbukumbu nzuri katika hipnosisi huamsha sehemu za kuona na za kutenda zaidi ya anayekumbuka kwa kawaida. Mimi nilithibitisha kwa pua.

Akasema mkono wangu wa kulia labda utaanza kuhisi wepesi. Labda, alisema, na labda hautahisi. Mkono ukaanza kupanda. Sikuupandisha mimi, wala sikuwa nimeuzuia. Ulikuwa unainuka kwa vitambo vidogovidogo, nikiutazama kwa ndani kwa mshangao ambao sina mfano wake. Nilitaka kucheka na nilitaka usishuke. Aliniambia baadaye kwamba watu wachache hujibu kwa nguvu sana, wachache hawajibu karibu kabisa, na wengi wako katikati. Hapana aliyenipanda. Akili yangu ilikuwa nyumbani, mlango wazi, na mwenye nyumba ni mimi.

Kazi ya kweli ilianza miadi ya baadaye. Alieleza kwanza mambo ya mwili: ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, amigdala, inayopiga kengele ya hatari kabla sehemu ya kufikiri haijapata habari. Ilijifunza mara moja usiku mmoja, na haijui kwamba miaka imepita. Halafu, nikiwa nimetulia kwenye ua wa karafuu, akaniambia nikumbuke kidogo tu ule mkazo wa koo, niufuate urudi nyuma mpaka pale ulipoanza. Nilijua utanipeleka wapi. Utanipeleka Septemba 2011.

Haukunipeleka huko. Nilijikuta mtoto wa skuli ya msingi, sare imelowa jasho, nimetolewa darasani katikati ya hesabu. Mjomba yuko mlangoni. Ananiambia twende nyumbani, baba ni mgonjwa kidogo. Njia nzima ananinunulia vitu: embe, kisha kashata, kisha embe tena. Watu wanatupisha. Wanawake wananitazama na kugeuza uso. Nilijua, na hapana aliyekuwa tayari kunijulisha ninachokijua. Tulipokata kona ya mwisho nikaona mabenchi yamepangwa nje.

Nililia kwenye kiti kile cha Flagey, na lile sanduku la karatasi halikuniudhi tena.

Bibi yule alikuwa mwangalifu sana hapo. Alisema yanayojitokeza katika hipnosisi yasichukuliwe kuwa ushahidi, maana hali ile haiongezi usahihi wa kumbukumbu, na humpa mtu uhakika hata pale anapokosea. Kwa hiyo nilimpigia mama mkubwa Unguja, mchana wa saa kumi ili nisimtishe, nikamuuliza. Akanyamaza kidogo, akasema: "Nani aliyekwambia habari za maembe?"

Basi hilo ndilo nililolipata Brussels. Kinachonitisha ni ule muda baina ya mlio na ukweli, muda ambao mtu mwingine anajua na anazungukazunguka, anauliza kama nimekaa, ananinunulia maembe. Mlio wa simu umekuwa mlango wa muda huo. Nilimsimulia yule mama wa Bukavu pale Matonge, anayeuza mihogo, na sikufika mwisho wa maneno yangu; alikwisha kuelewa. Kwao pia, alisema, mtu akiambiwa ndugu yake ni mgonjwa kidogo, anatafuta nauli ya mazishi.

Baina ya miadi nilipewa kazi za nyumbani, na baina ya kazi za nyumbani nilitembea. Siku moja nilipanda tramu nambari 44 kutoka Montgomery kwenda Tervuren, safari inayopita katikati ya msitu wa miti mirefu, mwanga umegeuka kijani kibichi mpaka ndani ya tramu. Huko ndiko Mfalme Leopold II alikofanya maonyesho ya Kongo mwaka 1897, na ndiko lilipo jumba la makumbusho ya Afrika. Mzanzibari hawezi kupita pale bila kumkumbuka Hamed bin Muhammed, Tippu Tip wetu, ambaye Leopold huyohuyo alimfanya liwali wa Stanley Falls mwaka 1887. Damu ya watu wa bara ilikuwa mikononi mwa wote wawili. Lakini mimi nilikaa zaidi nje, kwenye kanisa la mji. Katika Wakongo 267 walioletwa kuonyeshwa kwa watu, saba walikufa hapo, na makaburi yao yapo pembeni ya ukuta wa kanisa, majina yameandikwa. Nilisoma jina moja moja kwa sauti. Nikawaza juu ya mtu kufa mbali namna hii na bado akawa na jiwe lenye jina lake, na ndugu yangu aliyezama karibu na kwao hana. Machozi yalinitoka kwa wingi, mwili umetulia, koo limefunguka. Ndipo nilipoelewa alichoniambia bibi yule kuhusu huzuni kupata nafasi.

Kazi ya nyumbani yenyewe ni nyepesi kuieleza na ngumu kuidumisha. Nikiwa nimetulia kwenye ua wa bibi yangu, harufu imekuja sawasawa, nabana kidole gumba na cha shahada, ili mwili uunganishe mbano huo na utulivu. Halafu nasikiliza mlio wa simu, mwanzo kwa mbali sana, kisha chumba cha pili, kisha pembeni yangu. Kila mara mwili ukikaza nasimama, narudi kwenye karafuu, nasubiri. Ukitulia, najiona nimeinua simu na kusema kwa sauti ya mtu mzima: "Nani mwenzangu? Kuna nini? Niambie sasa hivi." Yule mtoto wa sare hakuweza kusema maneno hayo. Mimi naweza. Mtaalamu alinirekodia maelekezo kwa Kiingereza, yakawa hayaingii vizuri. Mdogo wangu akayasoma upya kwa Kiswahili kwenye simu yangu, kwa sauti yake ya uuguzi, na toka hapo nilikuwa nikiyasikiliza kila baada ya Alfajiri.

Kabla sijaondoka tulifanya jaribio. Nilimwomba mdogo wangu anipigie usiku wowote akiwa kazini, asinijulishe ni usiku upi. Simu ililia saa tisa. Moyo ulipiga kishindo, sitaficha. Viganja vikaanza kupoa. Vidole vyangu vikakutana vyenyewe, nikavuta pumzi, nikaipokea simu nikiwa nimelala vilevile ubavu, nikasema, "Nani mwenzangu? Kuna nini?" Mdogo wangu akasema, "Hakuna kitu, Dada. Ni mimi. Wagonjwa wamelala." Na mimi nikalala. Kwa mtu ambaye huko nyuma angekesha mpaka Alfajiri na kuamka na hasira za siku nzima, hiyo ni neema kubwa.

Nimerudi Unguja sasa, na hukumu yangu ni hii. Hipnosisi haikufuta chochote. Bado nashtuka, lakini mshtuko unapita, na wanangu wameona. Ilinisaidia kwa sababu ilikuwa mikononi mwa mtu aliyesoma, aliyeniambia mipaka ya anachokijua, na aliyekubali kuiacha pwani yake na kunifuata Pemba. Ilikuwa ghali: kikao kimoja kilizidi euro 60, na bila mdogo wangu nisingeimudu. Mwenye hali kama yangu hana haja ya kupanda ndege. Wanasaikolojia wapo Kidongo Chekundu na wapo hospitali ya Muhimbili, na kwenda kwao hakumfanyi mtu kuwa mwendawazimu. Ukikutana na anayejitangaza kwa hipnosisi, muulize alisomea nini na ameandikishwa wapi. Anayekuahidi kukuponya kwa kikao kimoja, au anayetaka kukuonyesha mbele ya watu, mkimbie.

Na wewe unayesoma, kuna siku utalazimika kupiga simu ya msiba usiku. Usiulize kama mtu amekaa. Usiseme mgonjwa kidogo. Mtaje aliyekufa kwa jina lake, sema alikufa vipi na mazishi ni lini, kisha baki kwenye simu umsikilize analia. Na mtoto aliyefiwa mwambie na yeye, siku hiyohiyo, kabla hajaona mabenchi.